Nilimtuma Mwenyewe

Simu iliita saa kumi na moja na nusu alfajiri, siku ya pili tangu giza liingie.

Kwa msomaji wa mbali na ziwa nieleze kidogo. Giza kwetu sisi watu wa dagaa si usiku wa kila siku. Dagaa huvuliwa kwa taa, zamani karabai, siku hizi taa za sola na betri. Mwezi ukiwa mkubwa taa inakosa kazi, maana ziwa lote limeshaangaziwa na dagaa wametawanyika. Basi mitumbwi inalala ufukweni siku kumi na zaidi, wavuvi wanashona nyavu, na sisi wanunuzi wa Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, tunarudi majumbani kudai madeni na kupumzisha miguu. Mwezi ukipungua, giza linaingia na kila mtu anaamka. Ukichelewa kutuma hela ya kushikilia mzigo, unanunua walichokataa wenzako.

Aliyepiga ni mzee ninayechukua kwake mzigo, yuko kambini huko visiwa vya Ukerewe. Si mtu wa maneno mengi. "Mayu, umelala? Mzigo upo, mkavu, haukunyeshewa hata tone. Ila Wakongo wameshafika. Nitumie milioni moja na elfu hamsini sasa hivi, mengine tutaongea."

Nikakaa kitandani, nikachukua ile simu ya kupangusa ambayo laini ya hela ipo humo, nikabonyeza nyota mia na hamsini, nikafuata menyu hadi mwisho. Salio halitoshi. Nikadhani usingizi umenifanya niongeze sifuri. Nikarudia taratibu, tarakimu moja moja. Salio halitoshi. Nikauliza salio lenyewe, likaja: 763,500. Kichwani nilikuwa na 1,150,000. Namba ile nilikuwa naijua kama ninavyojua umri wangu, kwa sababu ndiyo iliyobaki baada ya kufunga hesabu za giza lililopita, na tangu hapo sikuwa nimenunua chochote kwa laini ile.

Niseme ukweli, mwanangu hakunijia akilini kabisa. Niliwaza wale jamaa wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Nilikuwa hata nimeanza kutafuta ujumbe wao ili niupeleke 15040 kama tunavyoelekezwa. Sikuona ujumbe wa matapeli. Nilichokiona kilinishangaza zaidi: ujumbe wa miamala ya nyuma nao haukuwepo. Kisanduku kilikuwa kimefagiliwa, kimebaki na matangazo ya bando.

Nikamtumia mzee 700,000, nikamwomba anisubiri hadi mchana kwa hiyo iliyobaki. Akasema "haya", na mfanyabiashara yeyote anaijua ile "haya" ina maana gani.

*

Kwenye duka la huduma la mtandao wangu walinipa taarifa ya miamala baada ya kuonyesha kitambulisho cha taifa na kuweka kidole. Binti wa dirishani aliichapa, akaitazama kabla ya kunikabidhi, akaniuliza kwa upole, kama nesi anayekuuliza jambo ambalo jibu lake tayari analo: "Mama, nyumbani una mtoto anayecheza gemu?"

Malipo 23, yote kwa lipa namba moja, ndani ya siku 11. Ndizo zile siku za mbalamwezi nilizokuwa nyumbani nimepumzika. Ya kwanza shilingi 1,000. Ya pili 1,000 tena. Halafu 2,000, 2,000, 5,000. Siku ya sita yakafika 20,000, na ya mwisho kabisa, ya jana yake saa tisa mchana, 45,000. Ukijumlisha na makato, 386,500. Karibu yote yalifanyika kati ya saa nane na saa kumi mchana, muda ambao mimi huwa nimejinyoosha kwenye mkeka na feni inanipuliza.

"Naomba mnirudishie," nikasema. "Sikuyafanya mimi."

"Namba ya siri ni sahihi, mama. Haikukosewa hata mara moja."

Nikamwambia laini ile imesajiliwa kwa alama ya kidole changu, si cha mtu mwingine. Akaniambia kidole ni cha kusajili. Kulipa kunataka namba ya siri tu. Akasema angeweza kunifungulia lalamiko, nami nikalifungua, ila kwa muamala uliothibitishwa na namba ya siri nisiweke matumaini makubwa. Sikumchukia yule binti. Alisema ukweli, tena alisema bila kunicheka.

Kutoka mjini hadi kwetu Nyakato ni mwendo wa daladala wa dakika ishirini au arobaini, kutegemea foleni ya Mabatini. Siku ile foleni ilikuwepo, na namshukuru Mungu kwa foleni ile. Ningefika mapema, ningefika na fimbo.

*

Mwanangu ana miaka 12, yuko darasa la sita. Nilimkuta barazani anamenya viazi bila kutumwa, na mama yeyote anajua mtoto wa likizo akimenya viazi bila kutumwa kuna jambo. Nikaiweka ile karatasi mbele yake, juu ya maganda.

Alisoma mstari wa kwanza, akasema, "Mama, hiyo ya elfu moja ulisema ninunue bando."

Ni kweli. Nilisema. Nikanyamaza.

Hapa ndipo makala hii ilipo hasa, kwa hiyo mnivumilie nikae kidogo. Kazi ya dagaa ni kazi ya mikono. Unachambua, unaanika, unageuza, unafunga magunia, na mikono inajaa magamba na harufu ambayo hata sabuni ya kipande inashindwa nayo. Simu ya kupangusa nayo haisikii kidole chenye unyevu. Kwa hiyo tangu mtoto huyu yuko darasa la nne, mteja au msambazaji akipiga, mimi husema: "Baba, hebu mtumie huyu elfu kumi, mikono yangu haifai." (Namwita baba kwa kuwa amebeba jina la baba yangu.) Yeye anabonyeza, akifika kwenye namba ya siri ananitazama. Mwanzoni nilikuwa namnong'oneza. Baadaye nikachoka kunong'ona. Baadaye yeye mwenyewe akaacha kunitazama. Namba hiyo ni mwaka wa kuzaliwa kwake, jambo ambalo wakati naichagua niliona ni la upendo.

Kiswahili chetu kina neno moja kwa mambo mawili. Mtoto unamtuma dukani, na hela unaituma kwa simu. Miaka miwili nilimtuma mtoto atume. Hakuna siku niliyomketisha nikamwambia: unatuma ninapokutuma, nisipokutuma hutumi. Nilidhani hilo linajieleza. Akiwa na miaka kumi nilimwambia ninunulie bando la elfu moja, akanunua. Siku ile ya kwanza ya mbalamwezi nilimwambia nunua bando la elfu moja ucheze, niache nilale. Akanunua kitu cha elfu moja, akacheza, akaniacha nilale. Ilikuwa almasi, yaani hela ya ndani ya gemu, badala ya bando. Kwake tofauti ilikuwa ndogo sana, na kesho yake ikawa ndogo zaidi.

Simtetei. Ujumbe wa miamala aliufuta mwenyewe, mmoja baada ya mwingine, mara 23, na mtu hafuti kitu anachokiona ni halali. Nilipomuuliza kwa nini alifuta ndipo machozi yalipotoka. Kabla ya hapo alikuwa anajibu kama mtu anayesomewa hesabu za watu wengine.

*

Mchezo wenyewe sitautaja jina, mnao kwenye simu zenu. Watu wanashushwa kwa miavuli kisiwani, wanaokota bunduki, wanapigana hadi abaki mmoja au kikosi kimoja. Kuupakua ni bure, kuucheza ni bure. Kinachouzwa ni mavazi, rangi za bunduki, namna ya kucheza dansi ukishaua mtu. Mavazi hayo hayakuongezei nguvu ya maana, yanakufanya uonekane tu. Yananunuliwa kwa almasi, na almasi zinanunuliwa kwa hela.

Nikamuuliza: sasa kama hayaongezi nguvu, ulitaka ya nini?

"Walikuwa wananiita boti."

Nilicheka bila kutaka. Mtu wa ziwani akiitwa boti ni sifa. Boti ndilo linaloleta mzigo, boti ndilo linalotuvusha. Akanieleza kwa uchungu kuwa boti kwenye gemu ni mchezaji wa bandia, anayeendeshwa na kompyuta, amewekwa pale ili watu wengine wapate wa kuua. Ukivaa zile nguo za bure za mwanzo, wenzako wanajua wewe ni boti. Watano wa mtaa wetu wana kikosi, wanacheza jioni kila mtu kwao. Wanne walikuwa na mavazi. Akipigwa yeye, hawarudi kumwinua. Hiyo ndiyo sentensi iliyonikaa, "hawarudi kuniinua."

Na kumbe si yote aliyojivalisha. Alimnunulia zawadi mtoto wa jirani ambaye naye alikuwa boti. Kwa 12,000 yangu.

Halafu kuna gurudumu. Hili alinionyesha mwenyewe, kwenye simu, na nilitazama kwa makini kuliko alivyotarajia. Vazi ulitakalo haliuzwi moja kwa moja. Unalipa almasi, gurudumu linazunguka, linapita juu ya vazi, linasimama kwenye kitu kisicho na maana. Unazungusha tena, safari hii kwa almasi nyingi zaidi. Nikasema hili nalijua. Hii ni dubwi. Ni zile mashine za kutumbukiza sarafu ya 200 ambazo vijana wetu wanaachia nauli. Tofauti ni kwamba mashine ya dubwi imebandikwa kuwa chini ya miaka 18 hairuhusiwi, na sheria yetu ya michezo ya kubahatisha inakataza mtoto kucheza, hata kama usimamizi wenyewe tunaujua. Gurudumu la kwenye simu halijabandikwa kitu. Ubelgiji mwaka 2018 waliliona jambo hili, tume yao ya michezo ya kubahatisha ikasema masanduku ya bahati yanayonunuliwa kwa hela ndani ya gemu ni kamari. Walikuwa sahihi. Hilo nalisema kama mtu aliyelitazama gurudumu likizunguka kwa hela ya dagaa.

Jambo lingine nililoligundua pale kwenye baraza: mtoto huyu hajawahi kuniibia. Hela zangu za kichele ziko kwenye kikombe juu ya friji mwaka mzima. Fundo la kanga yangu liko mlangoni. Hajawahi kugusa hata mia mbili. Fundo la kanga ni la mama, lina harufu ya mama; ukilifungua unajua unamwibia nani. Hela ya kwenye simu ni tarakimu, halafu inageuka almasi, tarakimu nyingine, halafu inageuka mizunguko. Ikishageuka mara ya tatu, hata mimi mfanyabiashara ilinibidi nichukue kalamu kujua mzunguko mmoja ni shilingi ngapi. Na almasi zinauzwa kwa mafungu yasiyolingana na bei za vitu, kwa hiyo kila mara zinabaki chache, hazitoshi, na zinakuita urudi ukazijazie.

Mjomba wake alipopata habari alikuja mbio. Ni mtu wa Shinyanga, ujana wake ameupitisha Mwadui kwenye mgodi. Akasikiliza yote, mikono kiunoni, akauliza swali moja: "Almasi za wapi hizo za elfu mbili?"

Mwadui ndiko lilikotoka lile jiwe la waridi alilozawadiwa binti wa mfalme wa Uingereza mwaka 1947 alipoolewa, na mjomba huwa haachi kulitaja. Siku hiyo alilitaja mara tatu. Ushauri wake ulikuwa viboko na simu itupwe ziwani. Nilimshukuru, nikampa chai. Simu ina thamani ya magunia kadhaa, na ziwa lina takataka za kutosha.

*

Usiku ule nikapiga ile lipa namba. Jina lililosajiliwa ni la duka la nguo za mitumba, lakini sauti iliyopokea ilikuwa ya kijana. "Shikamoo mama," akasema hata kabla sijajitambulisha. Nadhani akinamama wengi humpigia. Kazi yake ananunua almasi kwa jumla, anauza rejareja. Wewe unamtumia hela na namba yako ya mchezaji, yeye anakuwekea. Haulizi umri. Haoni uso. Anachokiona ni jina la mtu mzima lililosajiliwa na hela iliyoingia.

Nilimwambia ameuzia mtoto wa miaka 12. Akanyamaza kidogo, akasema, "Mama, kwangu imesoma jina lako." Halafu akaniuliza, bila jeuri, "Namba ya siri kampa nani?"

Nilitaka kumtukana. Badala yake nikamwambia bado sijajua kama almasi za jana zimeshaingia. Akaangalia. Hazikuwa zimeingia, mtandao ulimsumbua. Akanirudishia 45,000 palepale, nikiwa bado hewani. Zile nyingine zilishaingia kwenye akaunti ya mtoto, na yeye alishazilipia kwa wa juu yake. Nimefanya biashara miaka 14. Dagaa wakishapakiwa kwenye gari la mteja, nami sirudishi. Nilimwelewa, ingawa sikufurahi kumwelewa.

Kijana wa jirani anayesoma sheria pale SAUT, Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino, alinitafsiria upande wa vitabu. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inataka anayefunga mkataba awe amefikia utu uzima, na Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema mtoto ni aliye chini ya miaka 18. Kwa hiyo mkataba wa mtoto na muuza almasi hauna miguu. "Lakini shangazi," akasema, "wewe ndiye uliyefunga mkataba, kwa mujibu wa karatasi hii. Lazima kwanza uthibitishe kwamba hukuwa wewe, na pia kwamba hukumruhusu." Akaniambia nisiporidhika na majibu ya mtandao naweza kupeleka lalamiko TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ofisi ya Kanda ya Ziwa ipo hapa hapa Mwanza. Nikawaza nitakavyosimama pale na kuulizwa kama nilimruhusu. Miaka miwili ya "baba, hebu mtumie huyu". Sikwenda. Lalamiko la dirishani nalo lilijibiwa baada ya wiki: muamala halali.

Nilisoma sana siku zile, usiku, wakati nasubiri simu za mzee wa Ukerewe. Nikakuta kumbe jambo hili limewatesa wazazi wa Marekani kabla yetu. Mwaka 2011 gazeti moja kubwa la huko liliandika habari za mtoto wa miaka minane aliyetumia dola 1,400 kwenye gemu la katuni, ananunua matunda ya kuchezea. Tume ya biashara ya serikali yao ikaingia kazini. Januari 2014 Apple walikubali kurudishia wateja angalau dola milioni 32.5. Tatizo mojawapo lilikuwa kwamba mzazi akishaweka neno la siri mara moja, mlango unabaki wazi dakika 15, na mtoto anaweza kununua anavyotaka bila kuulizwa tena. Google nao mwaka huohuo, angalau dola milioni 19. Na Desemba 2022 Epic, wenye Fortnite, walikubali kulipa dola milioni 245 za kurudishia wateja, kwa vitufe vilivyopangwa hivi kwamba kubonyeza kimoja tu unakuwa umenunua.

Nilizitazama zile dakika 15 kwa wivu. Wenzetu walikuwa na kampuni ya kuishtaki kwa sababu kampuni ndiyo iliyoacha mlango wazi. Mlango wangu ulikuwa wazi miaka miwili na niliyeuegesha ni mimi. Hata zile njia zilizopo leo hazikunihusu. Ukinunua kupitia duka la programu la Google unaweza kuomba kurudishiwa, na ukiwahi ndani ya saa 48 nafasi ni kubwa. Unaweza pia kuweka simu idai neno la siri kwa kila ununuzi. Mwanangu hakupita mlango huo. Alipita mlango wetu wa kawaida, ule wa kulipia umeme, ada ya tuisheni na mchango wa msiba. Hakuna mhandisi wa California anayejua kwamba mlango huo upo, na sijui kama wa Dar es Salaam wanamfikiria mtoto wanapoujenga.

*

Yalifuata mambo mengine madogo nitakayoyapitia haraka. Baba yake, ambaye ni dereva wa malori na alikuwa Isaka, alipiga simu, akafoka dakika tatu, salio likamwishia. Namba ya siri nimebadilisha. Sasa si mwaka wa mtu yeyote. Hela ya mtaji nimeihamishia laini nyingine iliyo kwenye kitochi, na kitochi nalala nacho. Pembeni ya magunia yangu Mwaloni siku hizi kuna ndoo ya maji, sabuni na taulo, na wachukuzi wananiita daktari.

Kuna jambo moja lililotaka kunishinda. Wale wanakikosi wenzake walisema akaunti yake sasa ina thamani, kuna mtu anainunua 80,000. Elfu themanini ni hela. Mtoto alikubali huku midomo inamtetemeka, tukakaa tayari kuiuza. Yule mwanasheria wa SAUT akatushtua: akaunti imefungwa kwenye barua pepe niliyomfungulia mimi, na biashara hizi za akaunti zinaishia mmoja kumrudia mwenzake na kuichukua, halafu jina langu ndilo linaloandikwa polisi. Tena wenye gemu wenyewe hawaruhusu kuuza. Tukaacha. Nilipomwambia kwamba haiuzwi, alilia kuliko siku aliyokamatwa. Sijui kama ni furaha, na sikuuliza.

Anacheza bado, Jumamosi na Jumapili, saa moja, kwenye simu isiyo na laini, kwa intaneti ya kuazima kwangu. Wengine mtanilaumu. Mjomba wake ameshanilaumu, hamtapata maneno mapya. Nilikaa naye jioni moja nikatazama mchezo mzima. Alipigwa, akaanguka, na mtoto wa jirani, yule wa zawadi ya 12,000, akarudi akamwinua. Nikajikuta nimesema "haya!" kwa sauti, kama mtu anayetazama Simba na Yanga.

Deni lake ni 341,500. Njia ya kulipa tulikubaliana sote watatu, baba yake akiwa kwenye spika: Jumamosi asubuhi anakuja nami Mwaloni, anachambua dagaa saa mbili, anatoa vijiti na mchanga, na kwa hilo namkatia 3,000. Ni kazi nyepesi, anakaa kivulini, na anasema bibi wanaochambua naye wanajua hadithi nyingi za matusi. Kwa hesabu hiyo atamaliza baada ya miaka miwili na kidogo. Mzigo wa giza lile, kwa waliotaka kujua, niliupata nusu. Nusu nyingine walichukua Wakongo. "Haya" ya mzee ilikuwa na maana ileile niliyoihofia.

Deni nimeliandika kwenye daftari langu la madeni, lile kubwa lenye jalada la bluu, kwa sababu sikutaka awe na daftari la peke yake kama mgonjwa. Liko ukurasa wa wateja wa mkopo, kati ya mama mmoja wa Igoma na mwenye mgahawa wa Nyegezi. Wiki iliyopita alilichukua kuandika 3,000 yake, akakaa kulisoma muda mrefu.

"Mama," akasema, "huyu wa Igoma anadaiwa 290,000 tangu mwaka juzi."

"Ndiyo."

"Hajalipa hata mara moja."

"Ana matatizo yake."

"Na hajanyang'anywa simu?"

Nikamwambia maji yapo bafuni, akaoge, ananuka dagaa.